JE, MTOTO ATAPONA? TIBA YA KUZIBA KWA NJIA YA MKOJO KABLA YA KUZALIWA

Ikisiri

Makala haya yanaeleza tiba anayopewa mtoto angali tumboni mwa mama yake pindi njia yake ya mkojo inapoziba. Yanafafanua jinsi mkojo wa kijusi unavyohusiana na ukuaji wa mapafu, yanapitia kwa ufupi historia ya tiba yenyewe, kisha yanaeleza namna wagonjwa wanavyochaguliwa, namna mrija unavyowekwa, na matokeo yaliyopatikana. Hoja kuu ni kwamba tiba hii huweza kuokoa pumzi za mtoto bila kuziokoa figo zake. Kwa kuwa kitenzi "kupona" katika Kiswahili hubeba maana zote mbili, yaani kusalimika na kurejewa na afya, msemaji asiyekuwa mwangalifu anaweza kumpa mzazi ahadi ambayo utabibu wenyewe haujaitoa.

1. Utangulizi

Wahenga walinena kwamba kulea mimba si kazi, kazi ni kulea mwana. Kwa karne nyingi methali hii haikuwa na mpinzani, kwani mtoto aliyekuwa tumboni alikuwa nje ya upeo wa macho na mikono ya mganga. Mama alisubiri, mkunga alisubiri, na kilichokuwa kimeharibika kilijulikana siku ya kuzaliwa. Hali hiyo ilianza kubadilika mwaka 1958, wakati Ian Donald na wenzake wa Glasgow, Uskochi, walipochapisha katika jarida la Lancet picha za tumbo zilizopigwa kwa mawimbi ya sauti. Miaka mitano baadaye, mwaka 1963, William Liley wa Auckland, New Zealand, alifaulu kumwongezea damu mtoto aliyekuwa bado tumboni. Tangu hapo kijusi nacho kikawa mgonjwa anayeweza kutibiwa, na kulea mimba kukawa kazi kwelikweli.

Miongoni mwa maradhi ya mwanzo kabisa kujaribiwa tiba ya aina hii ni kuziba kwa njia ya mkojo. Huenda msomaji akauliza: mada ya kitabibu kama hii inamhusu nini mwanafunzi wa Kiswahili? Inamhusu kwa sababu tiba hii haiwezi kutolewa bila ridhaa ya mama, na ridhaa haipatikani bila maneno. Maneno hayo yakiwa ya Kiswahili, sisi ndio tunaotarajiwa kuyapima uzito.

2. Mkojo wa kijusi na maji ya uzazi

Kijusi huelea ndani ya maji yaliyomo kwenye chupa ya uzazi. Wengi wetu hudhani kwamba maji hayo hutoka kwa mama. Hivyo ndivyo ilivyo katika majuma ya kwanza tu. Figo za mtoto huanza kutengeneza mkojo karibu na mwisho wa miezi mitatu ya mwanzo, na kuanzia takriban wiki ya 16 sehemu kubwa ya maji ya uzazi huwa ni mkojo wa mtoto mwenyewe. Mtoto huukojoa, huyameza maji hayo, hufyonzwa tumboni mwake, kisha hurudi tena kwenye figo. Ni mzunguko usiokoma hadi siku ya kuzaliwa.

Mkojo huo si uchafu kama tunavyouelewa sisi tuliokwisha kuzaliwa. Taka za mwili wa kijusi huondolewa na kondo la nyuma, ambalo huzipeleka katika damu ya mama kupitia kitovu. Kwa hiyo kondo la nyuma ndilo linalofanya kazi ya figo kwa wakati huo, na mtoto asiye na figo kabisa anaweza kuishi tumboni hadi miezi ya mwisho. Kazi kubwa ya mkojo wake ni kuijaza chupa ya uzazi.

Na chupa hiyo ina kazi gani? Inampa mtoto nafasi ya kunyoosha viungo, na zaidi ya hayo inayawezesha mapafu kukua. Mapafu ya kijusi hayana hewa. Yamejaa majimaji yanayoyatanua taratibu ili vifuko vya hewa vijengeke. Maji ya uzazi yanapopungua mno, kifua hubanwa, majimaji ya mapafuni huvuja, na mapafu hudumaa. Mwaka 1946 Edith Potter, mtaalamu wa magonjwa aliyekuwa Chicago, Marekani, alieleza sura ya watoto waliozaliwa bila figo: nyuso zilizobanwa, masikio yaliyoshuka, na mapafu madogo mno. Tangu hapo ikaanza kubainika kwamba ukosefu wa mkojo tumboni huua kwanza kwa kukosa pumzi. Ugonjwa wa figo huja nyuma yake.

3. Njia huzibaje?

Hapa yafaa tutofautishe mirija, maana katika mazungumzo ya kawaida yote huitwa "njia ya mkojo". Kuna mirija miwili ya juu, yaani ureta, inayotoa mkojo katika kila figo na kuupeleka kwenye kibofu. Kisha kuna mrija mmoja wa chini unaoutoa mkojo kibofuni hadi nje ya mwili. Mrija mmoja wa juu ukiziba, figo moja huathirika lakini nyingine huendelea na kazi, maji ya uzazi hubaki ya kutosha, na aghalabu mtoto husubiriwa azaliwe ndipo atibiwe. Mrija wa chini ukiziba, hakuna njia nyingine. Ndio unaohusika katika makala haya.

Sababu kuu ya kuziba kwa mrija wa chini ni vijiwambo vya ngozi laini vinavyoota ndani yake na kuuzuia mkojo kama vali iliyofungwa. Kasoro hii huwapata wavulana, na hukadiriwa kutokea kwa mvulana 1 katika kila 5,000 hadi 8,000 wanaozaliwa. Sababu nyingine, iliyo nadra na mbaya zaidi, ni mrija wenyewe kutofunguka kabisa. Kibofu kinapokosa pa kutolea, hufura na kuta zake huwa nene. Mkojo hurudi juu, ureta hutanuka, na figo hujaa maji. Shinikizo hilo likiendelea kwa majuma mengi figo huharibika, na baadhi huwa zimekwisha kuumbika vibaya kabla hata ya tatizo kuonekana. Kwa hiyo madhara ni mawili yanayokwenda sambamba: figo huharibiwa na mkojo uliozuiliwa ndani, na mapafu hudumaa kwa kukosa maji nje. Tofauti hii ndiyo ufunguo wa yote yatakayofuata.

4. Mwanzo wa tiba

Mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, Michael Harrison na wenzake katika Chuo Kikuu cha California, San Francisco, waliwafanyia majaribio kondoo wenye mimba. Waliifunga njia ya mkojo ya mwanakondoo aliye tumboni, wakaona mapafu yakidumaa. Walipoifungua kabla ya siku za kuzaliwa, mapafu yaliendelea kukua. Wazo likawa dhahiri: ukiutoa mkojo mapema, utamrudishia mtoto maji yake.

Mwaka 1981 kundi hilo lilifanya upasuaji wa wazi juu ya kijusi cha binadamu. Tumbo la mama na mji wa mimba vilifunguliwa, njia ya kutolea mkojo ikatengenezwa kwenye mwili wa mtoto, kisha akarudishwa ndani na mimba ikaendelea. Upasuaji wenyewe ulifaulu, lakini mtoto hakuishi alipozaliwa, kwa kuwa madhara yalikuwa yamekwisha kutangulia. Somo lililopatikana ni kwamba haitoshi kujua namna ya kutibu, sharti ujue pia nani wa kutibiwa na lini. Mwaka uliofuata wataalamu wa nchi mbalimbali walikutana California wakakubaliana juu ya masharti ya tiba ya aina hii. Ugonjwa uwe umetambuliwa kwa yakini, mwenendo wake uwe unajulikana, kuwe hakuna tiba ya kutosha baada ya kuzaliwa, na mbinu iwe imethibitishwa kwanza kwa wanyama.

5. Nani hutibiwa, na kwa namna gani?

Hatua ya kwanza ni picha ya mawimbi ya sauti, ambayo wengi wetu huiita skani. Daktari hutafuta kibofu kilichofura, sehemu ya juu ya mrija iliyotanuka hata umbo zima likafanana na tundu la ufunguo, figo zilizojaa maji, na upungufu wa maji ya uzazi. Hukagua pia kama mtoto ana kasoro nyingine za viungo au za kromosomu, kwani hizo zikiwepo mrija hautamsaidia sana.

Hatua ya pili ni kuupima mkojo wa mtoto. Sindano nyembamba hupitishwa tumboni mwa mama hadi kwenye kibofu cha mtoto, na mkojo huvutwa. Figo nzima huirudisha sodiamu mwilini, kwa hiyo mkojo wa kijusi chenye figo nzuri huwa na chumvi kidogo. Kipimo kilichozoeleka ni kwamba sodiamu ikiwa chini ya milimoli 100 kwa lita, kuna matumaini. Ikizidi sana, figo zimeshindwa kazi. Mkojo wa kwanza huwa umekaa kibofuni muda mrefu na hauonyeshi hali ya sasa ya figo. Ndiyo sababu vituo vingi hurudia kipimo baada ya siku moja au mbili ili kuupata mkojo mpya.

Mtoto akifaa, huwekewa mrija mfupi wa plastiki ambao makala haya yanauita mrija wa mchepuko. Mama hupigwa ganzi, maji huongezwa kwanza katika chupa ya uzazi ili kupata nafasi, kisha bomba jembamba huongozwa kwa picha ya mawimbi ya sauti kupitia ngozi ya mama na mji wa mimba hadi kibofuni mwa mtoto. Mrija husukumwa ndani yake. Ncha zake zote mbili zimejikunja kama mkia wa nguruwe ili usichomoke: moja hubaki kibofuni na nyingine hubaki nje, ndani ya maji ya uzazi. Mkojo huanza kutiririka kwenda unakotakiwa.

Mfano wa barabara unafaa hapa. Daraja likikatika, wahandisi huchonga njia ya mchepuko ili magari yapite, lakini daraja lingali limekatika. Vivyo hivyo mrija huu hauondoi kiwambo kilichoziba. Kazi hiyo hufanywa baada ya kuzaliwa, ambapo mtoto huwekewa katheta kwanza, kisha kiwambo hukatwa kwa kifaa chembamba chenye kamera. Tangu miaka ya 1990 wapo madaktari waliojaribu kuingiza kamera kibofuni mwa kijusi na kukiondoa kiwambo kwa miale ya leza. Mbinu hiyo huvutia kwa sababu hulikarabati daraja lenyewe, lakini ni ngumu, na imewahi kutoboa viungo vya jirani.

Mrija nao una hatari zake. Huweza kuchomoka au kuziba ikabidi uwekwe mwingine. Chupa ya uzazi huweza kupasuka mapema, maambukizi yakaingia, au mtoto akazaliwa kabla ya wakati. Pia tusisahau kwamba anayechomwa ni mama, ambaye yeye hana ugonjwa wowote.

6. Matokeo yanasemaje?

Utafiti uliojaribu kulijibu swali hili kwa njia ya bahati nasibu, ili kuondoa upendeleo, ulisimamiwa kutoka Birmingham, Uingereza, na kuitwa PLUTO. Matokeo yake yalichapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2013. Wajawazito waliokubali kushiriki walikuwa 31 tu, na utafiti ulifungwa mapema kwa uhaba wa washiriki. Wajawazito 16 walipangiwa mrija, na 15 walipangiwa kuangaliwa bila mrija.

Katika kundi la mrija, watoto 8 kati ya 16 walikuwa hai siku 28 baada ya kuzaliwa. Katika kundi la pili walikuwa 4 kati ya 15. Watoto 24 walizaliwa hai katika makundi yote mawili, na 12 kati yao walifariki mapema kwa sababu ya mapafu yaliyodumaa. Kwa hiyo mrija ulielekea kuongeza uhai, ingawa washiriki walikuwa wachache mno kuweza kutoa uthibitisho. Ama kuhusu figo, habari haikuwa njema: katika utafiti mzima ni watoto wawili tu waliofikia umri wa miaka miwili wakiwa na figo zinazofanya kazi kama kawaida. Waandishi walihitimisha kwamba uwezekano wa mtoto kuishi na figo nzima ni mdogo sana, awekewe mrija au asiwekewe.

Tuyaweke mambo haya mahali pamoja. Mrija hurudisha maji, maji hukuza mapafu, na mapafu humwezesha mtoto kulia siku ya kuzaliwa. Figo zilizokwisha kuharibika hazirejeshwi na maji hayo. Mtoto anaweza kuvuka salama siku ya kwanza, kisha akahitaji kusafishwa damu kwa mashine na hatimaye kupandikizwa figo. Nusu ya pili ya methali yetu inarejea kwa uzito wake wote: kazi ni kulea mwana.

7. Mzigo wa kitenzi "kupona"

Sasa tumfikirie mama anayeketi mbele ya daktari. Swali lake la kwanza linatabirika: "Daktari, mtoto wangu atapona?" Kiswahili kimelifanya swali hili kuwa gumu kuliko linavyosikika. Tunaposema abiria watatu walipona katika ajali, tunamaanisha walisalimika, hata kama wamelazwa wakiwa wamevunjika miguu. Aliyeponea chupuchupu hakupata afya, amekikwepa kifo tu. Lakini tunaposema mtoto amepona homa, tunamaanisha ugonjwa umekwisha. Kitenzi ni kimoja, maana ni mbili, na kwa kawaida muktadha hututenganishia.

Katika tiba hii muktadha hautenganishi chochote, kwa kuwa maana zote mbili ziko mezani kwa wakati mmoja. Daktari anayejibu "anaweza kupona" huenda anakusudia maana ya kwanza, na mama akasikia ya pili. Hakuna aliyedanganya, lakini ridhaa iliyotolewa hapo imejengwa juu ya neno lenye sura mbili. Siku ambayo mtoto wa mwaka mmoja atahitaji mashine ya kusafishia damu, mama atakuwa na haki ya kuuliza: si mlisema angepona?

Dawa ya tatizo hili imo ndani ya lugha yenyewe, maana Kiswahili kina vitenzi vingine vilivyo na mipaka iliyo wazi zaidi. Kuokoa ni kuzuia kifo. Kutibu ni kushughulikia ugonjwa, bila kuahidi mwisho wake. Kuponya ni kuuondoa ugonjwa. Mrija wa mchepuko hutibu, huenda ukaokoa, lakini hauponyi. Natutazame jibu la kubuni linalozingatia mipaka hiyo:

"Mama, mtoto wako ana matatizo mawili. La kwanza ni pumzi: maji yanayomzunguka yamepungua, na bila maji hayo mapafu yake hayatakua. Mrija huu unaweza kumrudishia maji, na kwa hiyo unaweza kumwokoa asife kwa kukosa pumzi. La pili ni figo. Zimeumia, na mrija hautaziponya. Akiishi, huenda akawa mgonjwa wa figo kwa miaka mingi. Wewe pia utachomwa, na uchungu unaweza kukujia kabla ya wakati. Ukikataa, hatutakuacha, tutaendelea kukuangalia wewe na yeye."

Jibu hili halina istilahi hata moja ya kigeni, nalo ni sahihi kitaaluma. Halikuondoa ugumu wa uamuzi, ila limeuweka ugumu huo mikononi mwa mwenyewe. Katika suala hili methali isemayo mgonjwa haulizwi uji haitufai. Mama huyu lazima aulizwe, na lazima aulizwe kwa maneno yanayosimama wima. Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 nayo inamtaka mhudumu, panapowezekana, amweleze mgonjwa hali yake na tiba zilizopo kwa lugha anayoielewa.

8. Hitimisho

Tumeona kwamba kuziba kwa njia ya mkojo tumboni hushambulia pumzi na figo kwa pamoja, na kwamba tiba iliyopo huitetea zaidi pumzi. Huduma hii hutolewa katika vituo vichache duniani. Hata hivyo, mlango wake ni ile skani ya kawaida. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kila mjamzito afanyiwe skani moja kabla ya wiki ya 24. Pale ambapo kuwekewa mrija hakuwezekani, kulijua tatizo mapema kuna faida yake: mama anaweza kujifungulia penye daktari wa watoto, katheta ikawekwa siku ya kwanza, na figo zilizobaki zikanusuriwa.

Mjadala wa istilahi katika vyama vyetu umezoea kuuliza kama Kiswahili kina neno la kila kifaa kipya. Mada hii inatukumbusha kwamba pengine kikwazo kikubwa hakiko kwenye neno tusilokuwa nalo. Kiko kwenye neno tulilonalo, tunalolitumia kila siku, na ambalo hatujaliuliza linabeba nini. Wanafunzi wa Kiswahili wakiketi na wanafunzi wa udaktari na wa uuguzi katika vyuo vyetu, wakayapitia pamoja maneno kama kupona, kutibu, kuokoa na hatari, watakuwa wamemfanyia mama yule kazi ambayo skani haiwezi kumfanyia.